Mirija Mirefu

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, nawajibu kwamba natengeneza bido. Zamani nilikuwa na jibu refu zaidi, lenye maneno matano ya Kifaransa yanayofuatana, na nilikuwa nalitamka polepole ili msikilizaji apate nafasi ya kuvutiwa. Jibu hilo nimeliacha. Natengeneza bido, madumu ya plastiki ya lita ishirini, katika kiwanda kimoja cha Zone Industrielle, hapa Bujumbura, upande wa maghala ya bandari. Jina langu ni Sylvère, ingawa kiwandani kila mtu aliniita Ingénieur tangu wiki ya kwanza, nami sikumkataza mtu.

Nianze na lililo baya, ili asije mtu akasoma akidhani kuna mahali nitajitetea. Dada mmoja wa mtaa wa Buyenzi anayeitwa Raihana, mshonaji wa nakshi, aliungua mikono yote miwili kwa petroli iliyowaka kwenye bido niliyoitengeneza mimi. Kwa miezi mitatu aliamini kwamba alijiunguza kwa uzembe wake. Baba yake, Mzee Djibril, ndiye fundi wa mashine yangu. Miezi hiyo mitatu tulifanya kazi hatua nne tu kutoka mmoja hadi mwingine, nami nilijua kwamba binti yake hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa la aliyechagua, na aliyechagua ni mimi.

Shida ya petroli katika mji huu haihitaji maelezo. Mwenye jenereta, mwenye pikipiki, mwenye mashine ya kusaga, wote wanajua kupanga foleni na wote wana bido. Sasa plastiki ya kawaida haipitishi umeme. Petroli ikimiminwa humo inasuguana na ubavu wa plastiki, umeme mdogo unajikusanya na kubaki pale pale ulipozaliwa, ule ule unaosimamisha nywele za mkono ukivua sweta. Mara nyingi hakuna kinachotokea. Mara moja moja cheche inaruka, na mvuke wa petroli hauhitaji zaidi ya hiyo. Madame Adélaïde, mwenye kiwanda, mjane anayesoma kila karatasi mara mbili kabla ya kutia sahihi, alitaka bido isiyoshika umeme. Ndiyo sababu aliniandikia nikiwa Ubelgiji, nikimalizia masomo ya plastiki, nami nikarudi nyumbani kwetu Gasenyi kifua mbele.

Dawa yenyewe inajulikana: unachanganya plastiki na kaboni. Swali ni kaboni ipi. Juu ya meza yangu palikuwa na vifuko vitatu. Cha kwanza kilikuwa masizi ya kawaida ya viwandani, yale yanayotia tairi weusi. Yanapatikana kwa urahisi, lakini ilibidi yafike robo ya bido nzima ndipo umeme upite, na bido ikawa ngumu isiyo na uvumilivu. Tuliiangusha moja ikiwa imejaa maji, kutoka kimo cha kiti cha baiskeli, ikapasuka kama yai. Masizi yakaishia hapo.

Vifuko viwili vilivyobaki vilikuwa vya mirija ya kaboni, ile wanayoiita nanotubes. Ni mirija midogo kiasi kwamba maelfu yake ikipangwa ubavu kwa ubavu ndiyo inafikia unene wa unywele mmoja. Siri yake ni kugusana. Umeme unapita kutoka mrija hadi mrija, kwa hiyo mirija lazima ishikane kuanzia upande mmoja wa plastiki hadi wa pili. Chukua sahani ya supu: tambi chache tu zinagusana kutoka ukingo hadi ukingo, lakini ukitaka punje za mchele zifanye hivyo, lazima ujaze sahani. Kifuko cha pili kilikuwa na mirija mifupi, iliyokwisha kuchanganywa na plastiki huko ilikotoka, ikaja kama punje nyeusi zisizosumbua mtu. Cha tatu kilikuwa na mirija mirefu, safi, unga mwepesi ambao ulitulazimisha kuvaa barakoa na kufunga madirisha.

Nilipima. Bido ya mirija mifupi ilinipa ohm milioni kadhaa, yaani umeme ulipita, lakini kwa kujikokota. Ya mirija mirefu, kwa nusu ya kiasi hicho, ilinipa ohm mia tatu, yaani ulipita mbio. Nikaipenda namba ile kama mzazi anavyompenda mtoto aliyeongoza darasa. Mirija mirefu ndiyo niliyoiandikia tasnifu yangu. Nilikuwa nimeiona kwa hadubini, imejikunja na kusokotana, na nilikuwa na picha yake kwenye simu mahali ambapo watu wa umri wangu huweka picha ya mchumba.

Mtu anayechagua mirija ya kaboni anatakiwa kwanza ajiulize umeme unapaswa kupita kwa kasi gani, kwa kazi gani, na mikononi mwa nani. Hilo wanafundishwa hata wanafunzi wa mwaka wa pili. Mimi nilijiuliza ipi inapitisha zaidi.

Hata hivyo namba ile haikuja kirahisi, maana mirija mirefu ina tatizo lake: inakatika. Ndani ya mashine kuna parafujo kubwa inayosukuma na kukanda plastiki iliyoyeyuka, na ikizunguka kwa nguvu inaivunja mirija ikawa haina tofauti na ile mifupi. Bido zangu tatu za kwanza zilitoka na namba za aibu. Aliyeniokoa ni Mzee Djibril. Alikuwa na miaka hamsini na saba, na ishirini na sita kati ya hiyo alikuwa ameimaliza mbele ya mashine ile. Alikuwa akiisikiliza kuliko kuitazama. Nilimweleza tatizo, akasikiliza, akasema, "Basi tuende pole pole." Akapunguza mwendo wa parafujo, akaongeza moto kidogo, akawa anaulisha unga ule kwa kijiko kikubwa, kidogo kidogo, kama mtu anayesonga ugali wa mgonjwa. Bido ya nne ilitoka na ohm mia tatu. Bila mikono yake mirija mirefu ingefika kwenye bido ikiwa mifupi, na Raihana angekuwa anashona leo.

Ilikuwa mwezi wa saba, kiangazi, hewa kavu. Tulikuwa tumetengeneza bido sitini za majaribio, na Madame Adélaïde alikuwa ameteremka kutoka ofisini kuziona. Mzee Djibril alikuwa anazipanguza vumbi kwa kitambaa na kuzipanga juu ya mbao. Akaniita.

"Ingénieur, kuja kidogo. Hii yako inapiga."

"Inapiga nani?"

"Inanipiga mi. Mara mbili sasa. Nikiipanguza, nikaiacha hapa juu ya mbao, nikigusa mudomo wake na kidole, inapiga sawa waya ya courant. Ile ya punje haipige. Nimejaribu zote mbili."

Hebu fikiria. Mtu ambaye hajawahi kuingia darasa la fizikia alikuwa amefanya jaribio, amelirudia, amelinganisha na bido nyingine, kisha amekuja kunipa matokeo. Huko nilikosoma wangemwambia ayachapishe. Mimi niliwageukia Madame Adélaïde na wafanyakazi waliokuwa karibu, nikasema, "Mzee, miezi minne natafuta plastiki inayopitisha umeme. Kama imekupiga, basi inapitisha. Ungekuja kulalamika kama isingekupiga."

Wakacheka wote. Madame Adélaïde naye alitabasamu. Mzee Djibril akacheka pia, kwa adabu, akasema, "Eee, ni we unajua," akarudi kwenye kitambaa chake.

Aliyokuwa ananiambia ni haya. Plastiki ya kawaida, ukiigusa, inakupa umeme wa pale karibu na kidole tu, kwa sababu uliobaki hauwezi kutembea. Kitu kinachopitisha vizuri, kikiwa hakijagusa ardhi, kinakusanya umeme wa mwili wake wote, na ukikigusa kinautoa wote kwa mara moja, mahali pamoja. Bido iliyowekwa chini haina shida, umeme unakwenda ardhini. Bido iliyo juu ya mbao kavu ni bunduki iliyojazwa. Na mirija mifupi, na ule mwendo wake wa kujikokota niliokuwa naudharau, ingeutoa polepole bila cheche yoyote ya maana. Haya yote nilikuwa nayajua. Nilishaulizwa kwenye mtihani, nikapata alama zote. Yeye aliyagundua kwa kidole, nikamfanya kichekesho mbele ya watu.

Ardhi nilikuwa nimeifikiria. Nilibandika kila bido karatasi: Poser au sol avant de remplir, weka chini kabla ya kujaza, kwa Kifaransa na Kirundi. Nilijiona nimemaliza. Lakini ni nani Bujumbura anayejaza bido ikiwa chini? Bido inafungwa nyuma ya baiskeli kwa mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu za zamani, inazungushwa mara nane, mara kumi, mpaka iwe sehemu ya baiskeli. Baiskeli inaegemezwa kwenye mti wa panda, gongo lenye ncha mbili, na bido inajazwa hapo hapo juu, kwa sababu hakuna mwenye akili timamu atakayefungua mipira yote ile, ainue kilo kumi na tano na kitu, kisha aanze kufunga upya. Chini kuna matairi ya mpira, pembeni kuna mti mkavu. Ukitaka kitu kitengane na ardhi huwezi kukipanga vizuri zaidi. Na mimi sikuwa mgeni. Nimezaliwa Gasenyi, nimekua nikiziona baiskeli hizo kila siku ya Mungu. Kama karatasi ile ingeandikwa na Mbelgiji tungesema masikini, hajui. Mimi nilijua, na sikukumbuka ninachokijua, kwa sababu nilipovaa koti jeupe nilidhani fikra zinazostahili ni zile za huko.

Kiwandani kwetu kuna desturi ya zamani kuliko mimi: kila kitu kipya kikitoka, cha kwanza kilicho kizima anakwenda nacho nyumbani fundi wa mashine. Nyumba ya Mzee Djibril imejaa vya kwanza. Ana beseni la kwanza, kikombe cha kwanza, kiti cha kwanza cha bluu ambacho mguu wake mmoja ulitoka mfupi. Ijumaa ile, kabla hajaenda msikitini, tulimkabidhi bido ya kwanza nyeusi na wote tukapiga makofi. Aliipokea kwa mikono miwili. Akasema asante, akasema binti yake ana jenereta ya cherehani, itamfaa.

Siku kumi na tano baadaye, Jumamosi saa nne asubuhi, mwenye baiskeli ya kukodi alifika mlangoni kwa Raihana na ile bido imefungwa nyuma. Jirani mmoja alikuwa amekubali kumgawia petroli kutoka kwenye gari lake. Wakavuta petroli kwa mpira wa plastiki hadi kwenye ndoo, na kutoka kwenye ndoo wakawa wanajaza bido, juu ya baiskeli. Raihana alikuwa ndiyo kwanza ameosha sementi ya mbele ya mlango, yuko pekupeku, miguu imelowa, ameungana na ardhi kuliko kitu chochote pale. Bido ilipofika nusu, faneli ya bati ilitaka kuanguka. Akanyoosha mkono kuirudisha.

Mwenye baiskeli aliungua shingoni kidogo, akapona. Raihana aliungua kuanzia vidole hadi viwiko. Alikuwa na miaka ishirini na nane, na nakshi zake za kanzu na za nguo za arusi zilikuwa zinafuatwa mpaka kutoka Uvira, Kongo.

Nilielewa nikiwa kwenye korido ya hospitali. Mzee Djibril alikuwa ananisimulia habari ya baiskeli, sementi na faneli, na kabla hajamaliza nilikuwa nimekwisha kukumbuka mbao na kidole chake. Niliporudi kiwandani nilisimamisha kazi. Bido zote zilizobaki nilizikusanya, hata ile aliyokuwa ameichukua Madame Adélaïde, nikazisaga moja moja mwenyewe. Tukahamia kwenye mirija mifupi. Nilipoulizwa nilisema ni marekebisho, na hapo ndipo nilipoanza kuwa mtu mbaya, kwa sababu mpaka hapo nilikuwa mjinga tu.

Madame Adélaïde alitaka ripoti. "Sylvère," aliniambia, "andika lililotokea. Bido haikuwekwa chini, na karatasi ilisema iwekwe chini. Si kweli?" Ilikuwa kweli, na ndiyo maana ilikuwa rahisi. Niliandika kurasa mbili. Neno mbao halikuwemo, kidole cha Mzee Djibril hakikuwemo, wala ohm mia tatu. Nikatia sahihi, naye akaisoma mara mbili, akatia yake.

Nilikwenda kumwona Raihana wiki hiyo hiyo. Alikuwa amelala, mikono imefungwa bandeji mpaka juu, ameilaza juu ya mto. Aliponitambua alijaribu kukaa.

"Ingénieur, unisamehe," akasema. "Niliharibu bido yako. Nilisoma ile karatasi, niliona wameandika kuweka chini. Nikaona uvivu wa kufungua mipira."

Ningeweza kusema pale pale. Maneno hayakuwa mengi. Nilisema pole, nikaacha machungwa, nikaondoka.

Kwa miezi mitatu nilibeba sentensi ile ya Raihana. Bido mpya za mirija mifupi zilikuwa zinauzwa vizuri, watu walikuwa wananipongeza barabarani, na kila pongezi iliingia mwilini kama mwiba. Raihana alirudi nyumbani. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa havifungi, na daktari alisema vitarudi kiasi fulani kwa mazoezi. Lakini kilichonitesa ni kingine, na aliyeniambia ni Mzee Djibril, wakati wa chakula cha mchana, huku akitazama sahani yake.

"Hakamate kitu," akasema. "Hata kikombe. Banamuwekea mudomoni sawa mutoto. Daktari anasema ajaribu, anakataa. Anasema mikono yake haina akili, itaua mutu siku moja. Cherehani amefunika na shuka."

"Lakini si kosa lake," nikasema.

Alimega ugali.

"Mzee, we unajua si kosa lake. Mi nataka kuja kumwambia."

"Acha, Ingénieur," akasema. "Iache tu ipite."

Nilidhani ananihurumia. Nilidhani, Mungu anisamehe, kwamba mzee huyu mwema analinda kazi yangu, na huruma hiyo ikanifanya nijisikie vibaya zaidi, kwa hiyo nikazidi kutaka kwenda. Wiki iliyofuata nilimwambia tena. Safari hii aliizima mashine kwanza, jambo ambalo hafanyi kwa maongezi.

"Unataka kumwambia nini yote?"

"Ukweli. Kwamba nilichagua vibaya. Kwamba hata kama angekuwa na uangalifu wote, ile bido ingempiga mtu tu."

"Mwambie hiyo, basi. Usipite hapo."

"Nipite wapi tena?"

Akaiwasha mashine. Sikumwelewa. Nilikuwa nimejaa kosa langu mwenyewe, nimeshiba nalo, sikuwa na nafasi ya kuona la mtu mwingine.

Nilikwenda Jumapili baada ya misa, nikiwa na nguo za kanisani. Mzee Djibril alinipokea mlangoni, akanikaribisha kwenye kiti, yeye akakaa mkekani. Raihana alitoka chumbani, akakaa karibu na baba yake, mikono mapajani, viganja vimetazama juu. Ngozi ilikuwa mpya, ya waridi na kahawia, inang'aa. Jirani yao mmoja alituletea chai, akamshikia Raihana kikombe, naye akanywa kidogo, kisha jirani akaondoka. Raihana alipokunywa hivyo alimwegemea baba yake begani, naye akamfutia kidevu kwa ncha ya kanzu, bila kutazama, kama kitu anachokifanya mara nyingi kwa siku. Niliona wivu. Baba yangu hajawahi kunifuta kitu.

Nikasema. Nilisema vibaya, nikiruka ruka, lakini nilisema. Nilimweleza habari ya mirija mirefu na mifupi. Nilimwambia kwamba nilichagua ile inayopitisha zaidi kwa sababu ya kiburi, na kwamba bido yangu ilikuwa hatari kuliko ile nyeupe ya kawaida ambayo angeitumia kama nisingezaliwa. Nilimwambia kwamba kila mtu Bujumbura anajazia juu ya baiskeli, na aliyetakiwa kulijua hilo ni mimi. "Mikono yako haikukosa kitu," nikasema. "Ulitaka kushika faneli. Mtu yeyote angeishika."

Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza aliitazama mikono yake, akaigeuza. Kisha, taratibu, akajaribu kuufunga ule wa kulia. Vidole viwili vilikwenda nusu ya njia. Nilijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba. Ulikuwa wepesi wa mtu mbinafsi, lakini sitakataa kwamba niliusikia.

"Sasa hii kitu ya kupiga," akasema, "ilikuwa inapiga tangu kiwandani?"

"Ndiyo."

"Juu ya mbao."

"Ndiyo. Kitu chochote kilichotengana na ardhi."

"Nani alikuwa anazipanga juu ya mbao?"

Hapo ndipo nilipoona mahali ambapo mzee aliniomba nisipite. Niliona yote kwa mara moja, na nilikuwa nimekwisha kupita.

"Mambo ya umeme yalikuwa yangu," nikasema haraka. "Baba yako ni mtu wa mashine. Hakuweza kujua."

Raihana hakunitazama. Alimgeukia baba yake, na bega lake lilikuwa limekwisha kuachana na bega la baba.

"Baba. We ulijua inapiga?"

"Hakujua," nikasema. "Raihana, nakuambia hakujua."

"Apana, Ingénieur," akasema Mzee Djibril. "Usimudanganye mutoto." Aliweka kikombe chake chini. "Nilijua. Ilinipiga mara mbili. Nilimwambia."

"Na ukaileta hapa."

"Nikaileta."

"Ukanipa mi."

"Niliambiwa iko muzuri. Batu bote bakacheka. Nikasema labda ni mi siko na akili, yeye amesoma. Wakanipa mbele ya batu, nikaona haya kuikataa." Akamgeukia binti yake. "Siku zote nilikuwa nawaza nikuambie uiache. Halafu naona utaniuliza kwa nini, na mi sijue kwa nini. Nilijua tu inapiga."

"Ni mi nilimcheka," nikasema. "Raihana, sikiliza. Yeye alisema, mi nikamcheka. Kosa ni langu lote. Nimekuja kukuambia ni langu."

"We sikujue, Ingénieur," akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananieleza, kama mtu anavyomweleza mgeni njia. "We ni mutu wa kazini. Uyu ni baba yangu."

Akainuka. Alisukuma pazia la chumbani kwa mkono, akaingia ndani. Tulikaa, mimi kwenye kiti na Mzee Djibril mkekani, tukiwa na chai mbele yetu. Mzee akaniambia ninywe, inapoa. Nikanywa. Kisha akanisindikiza mpaka barabarani, kama inavyotakiwa, akanishika mkono wa kwaheri kwa mikono yake miwili, na hakusema kwamba alinikataza.

Nimeandika ripoti nyingine. Safari hii kidole kimo, mbao zimo, na jina la aliyecheka limo. Madame Adélaïde ameisoma mara mbili na bado hajaniita. Akinifukuza atakuwa na haki, na akiniacha nitabaki na mirija mifupi, ambayo sasa naijua na kuiheshimu.

Mzee Djibril alikuja Jumatatu kabla ya saa moja, kama kawaida yake. Nilisubiri aanze yeye. Alifunga aproni, akaisikiliza mashine ikipata moto, akarekebisha kitu ambacho mimi sikukiona. Ilikuwa karibu saa tatu ndipo aliposema.

"Jana jioni amekamata kikombe," akasema. "Na mukono wake mwenyewe. Alimwaga kidogo, lakini alikunywa."

"Namshukuru Mungu," nikasema.

"Eee." Akachukua bido iliyotoka, akaigeuza, akaikagua mdomo. "Nilitaka kumufuta. Akaniambia niache, anajifuta mwenyewe."